Namba ya Majaribio

Jumatatu moja asubuhi, saa mbili na nusu, karani mmoja aliona alama ya kijani mahali ambapo kwa miezi miwili alikuwa akiona nyekundu. Ndivyo mambo yalivyoanza, na ungemwuliza siku ile angekwambia hakuna kilichoanza. Kijani ni kijani tu. Lakini tusikimbilie mwisho, maana mwisho wenyewe si wa kukimbiliwa.

Pale kliniki ya watoto walimwita Mama Meseji. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa, feni ikilia juu yake, na kazi yake ilikuwa kufungua mfumo wa meseji kwenye intaneti na kuwaandikia wazazi. "Ndugu mzazi, unakumbushwa kumleta mtoto kliniki kesho saa tatu asubuhi." Mzazi akishamleta, mfumo wenyewe ulimtumia ujumbe wa pili: "Ndugu mzazi, tunashukuru kwa kumleta mtoto." Na mzazi akijibu chochote, hata akitukana, alirudishiwa maneno ambayo Mama Meseji aliyatunga mwenyewe, siku ile matroni alipofoka kwamba wazazi wanaandika na hakuna anayewajibu: "Ujumbe wako umefika. Karibu sana." Kompyuta iliyatuma hayo peke yake, saa yoyote, bila kuuliza anayebisha ni nani.

Sasa, kabla hujawatumia watu mia tatu ujumbe, unatuma mmoja kwenye namba ya majaribio, uone umekaa sawa. Wengine wote huweka namba zao wenyewe. Yeye aliweka ya mumewe. Mumewe alikuwa seremala wa mapaa, mtu wa maneno mengi na harufu ya vanishi, asiyeweza kupita penye meza bila kuigonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, asikilize mbao inasemaje. Kila asubuhi ujumbe ulimkuta juu ya nyumba ya mtu, naye akajibu palepale: "Imefika, mke wangu. Nimlete mtoto gani tena? Huyu mmoja ananitosha." Miaka minne mzaha ni huohuo, na miaka minne mkewe alicheka.

Kisha akaanguka. Simu yake ililetwa kwenye mfuko wa plastiki, vipande vipande, na mjane akautia mfuko kwenye droo ya kabati la sebuleni.

Hakulia. Msibani watu walimtazama wakingoja, wakachoka kungoja, wakaanza kunong'ona. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, ila huu ulikuwa mwili mzima. Akarudi kazini, maana ndiko miguu ilikojua njia. Kila asubuhi alituma ujumbe wa majaribio kwenye namba ileile, kioo kikamwandikia kwa nyekundu kwamba haujafika, akaendelea na wazazi. Jioni alirudi nyumbani, akajilaza uso ukutani. Majirani walipokuja kumpa pole, aliyekwenda mlangoni alikuwa binti yake wa miaka sita, ambaye baba mtu alimpachika jina la Chiriku kwa mdomo usiopumzika. "Hodi," walisema nje. "Karibu!" aliitikia Chiriku kwa sauti ya adabu, kama alivyofundishwa na baba yake, na mamake hata shingo hakugeuza.

Basi, Jumatatu ile. Chini ya alama ya kijani palikuwa na jibu la neno moja: "Imefika."

Mama Meseji alilitazama. Alingoja moyo wake ushtuke, haukushtuka. Akabofya, akawatumia wazazi mia tatu na kumi na wawili, akaenda kunywa maji.

Saa nne alipita Fundi Waya, jamaa wa kompyuta, mtu mzima mwenye kitambi na mzaha kwa kila mgonjwa. Alipooneshwa lile neno, mzaha ulimwisha.

"Namba ikikaa kimya, kampuni humpa mtu mwingine," alisema, akikuna kidevu. "Ni mgeni tu huyo. Mfute."

"Nitamfuta."

"Leo, Mama Meseji. Usimsumbue mtu asiyekujua."

"Nimesema nitamfuta, Fundi."

Hakumfuta. Akishamfuta atamtumia nani?

Jumanne, saa tatu kamili, namba ile iliandika: "Hodi." Kompyuta ikajibu: "Ujumbe wako umefika. Karibu sana." Jumatano, saa ileile, "Hodi," na kompyuta ikakaribisha tena. Mama Meseji aliyaona yote mawili kama mtu anavyoona mvua akiwa ndani ya nyumba.

Alhamisi hodi ya tatu iliingia na karibu ya tatu ikatoka, na kabla hajaondoa mkono kwenye meza, chumba kikajaa vanishi, vanishi mbichi inayochoma pua, ndani ya chumba ambacho meza yake ni ya chuma na viti vyake ni vya plastiki, na feni ikapunguza mwendo bila kuguswa, na kutoka chini ya meza, upande wa miguu yake, kitu kikagonga mara tatu, ko ko ko, kwa upole, kama anayesikiliza chuma kinasemaje. Aliweka kiganja juu ya meza. Kikagonga tena, pale pale chini ya kiganja. Tusimfiche, alipata raha kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kupata chochote tangu mazishi.

Jioni ile Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akaporoja kama kawaida yake.

"Mama, leo kuna mtu amebisha hodi, nikamwambia karibu, hakuingia."

"Mm."

"Nimefungua mlango, hamna mtu. Anagonga kama baba."

"Kalale, mwanangu."

Ijumaa kabla ya saa nne, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja kwenye dirisha la dawa akipeperusha simu.

"Nani anaandika hizi meseji zenu?" aling'aka. "'Unakumbushwa kumleta mtoto kwa baba yake.' Kwa baba yake yupi? Baba yake nimemwacha nyumbani na soksi moja, anatafuta ya pili! Mnataka kunivunjia nyumba?"

Watu kwenye foleni walicheka. Mama wa pili akatoa simu yake, akasoma. Wa tatu akatoa yake. Kicheko kikafa.

Fundi Waya aliitwa. Alipekua orodha ya zilizotumwa, na kila ujumbe kwenye orodha ulikuwa ule wa siku zote, kliniki, kesho, saa tatu. Alikuwa angali anatikisa kichwa simu ya Mama Meseji ilipotetemeka mezani. Ujumbe ulitoka kliniki. Ulitoka kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa mbele yao, ambayo hakuna aliyeigusa.

"Ndugu mzazi, unakumbushwa kumleta Chiriku kwa baba yake Jumatatu saa tatu asubuhi."

"Umemwandikisha mtoto humu kwa jina hilo?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Hilo ni la nyumbani. Watu wa kazini hawalijui."

"Mimi sikuwa nalijua."

Waliukuta ujumbe kwenye orodha ya zinazosubiri, umepangiwa kutumwa tena Jumatatu asubuhi. Fundi akaufuta. Ukarudi. Akaufuta, ukarudi, na kila uliporudi meza iligonga, na jasho lilimtiririka Fundi hadi kwenye kola ijapokuwa feni ilikuwa inazunguka.

"Dada yangu," alinong'ona, na hakuwa amewahi kumwita dada, "mimi najua waya. Hizi si waya."

Hapo ndipo Mama Meseji alipohisi kitu. Kidogo, mahali fulani chini ya mbavu, kama sindano za kwanza mguu unapoanza kuachia ganzi. Akaichukua simu, akalisoma tena jina la mtoto wake.

Jioni alimtazama Chiriku akila, kijiko baada ya kijiko, akahesabu vijiko asijue anahesabu vya nini.

"Yule mtu amebisha tena leo," alisema mtoto, mdomo umejaa. "Nimemwambia karibu. Ana aibu sana, mama, haingii."

"Mm," alisema mama mtu, na akili yake yote ilikuwa Jumatatu saa tatu.

Jumamosi Fundi Waya alimpeleka kwa shangazi yake, ajuza mkali aliyeshona magodoro kwenye baraza lake na kutoa majini siku ambazo hana kazi. Walimwita Bibi Pamba. Walimkuta mchana kweupe, pamba kwenye nywele, sindano ndefu mkononi, akigombana na godoro. Alisikiliza hadithi yote bila kuacha kushona.

"Umeituma mara ngapi kwenye namba ya maiti?"

"Kila siku ya kazi. Miezi miwili."

"Na ulitaka nini?"

Mama Meseji alifikiri. "Sikutaka kitu, bibi. Ni mazoea."

"Mazoea!" Bibi Pamba alikata uzi kwa meno. "Ukibisha hodi kila siku kwenye nyumba tupu, iko siku utaitikiwa. Wenyewe hukaa penye utupu, na wewe umewaonesha uliko. Nisikilize vizuri, mwanangu, maana utataka kutonisikia. Huyo si mume wako. Mume wako ni mtu, na mtu akifa amekwenda. Huyo ni jini. Ameokota sauti njiani kama mtu anavyookota kofia, akaivaa."

"Anamtaka mtoto wangu."

"Naam, na hawezi kumpora. Wana adabu zao, kuliko sisi. Kuingia ni ruhusa, kuchukua ni ruhusa nyingine. Hodi tatu kwa karibu tatu. Ya kuingia mlishampa, kile kimashine chenu kilimkaribisha kama mgeni wa harusi. Jumatatu atabisha tena, hiyo ni ya kuchukua. Akikataliwa mara tatu, njia yake imekwisha."

"Tubadilishe lile jibu," alisema Fundi Waya upesi. "Badala ya karibu, iseme ondoka."

"Haya, kumbe unazo akili, tumbo lilikuwa linazificha tu." Kisha akamgeukia Mama Meseji, na safari hii aliweka sindano chini. "Akishakataliwa, ifute namba hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Lingine hili, nijibu kwa uangalifu. Nyumbani kwako, hodi huitikiwa na nani?"

Mama Meseji aliona mlango wake, ukuta wake, kitanda chake. Hakuona mtu mwingine.

"Ni mimi tu, bibi."

"Una hakika?"

"Mimi tu."

Bibi Pamba alimtazama muda mrefu kidogo, akaokota sindano, akarudi kwenye godoro lake.

Jumapili ilipita bila hodi, si ya simu wala ya mlango. Jumatatu Mama Meseji alimpeleka Chiriku shuleni kwa mkono wake, akamwambia mwalimu asimpe mtoto mtu yeyote, hata akija aliyefanana na nani. Saa mbili na nusu alikaa mbele ya kompyuta, Fundi Waya nyuma yake na mlango wazi kabisa, maana Fundi alisema akikimbia hataki kuanza kutafuta kitasa. Aliyafuta maneno yake ya zamani kwenye jibu la mfumo, akaandika mapya: "Hukukaribishwa. Rudi ulikotoka."

"Mzazi akijibu leo atatukoma," alinong'ona Fundi. Hakuna aliyecheka.

Saa tatu kamili. "Hodi."

Kompyuta ikajibu hukukaribishwa, na feni ikasimama. "Hodi," ikaja ya pili, na kabla jibu halijatoka meza ilianza kugongwa, si kwa upole sasa, bali kwa ngumi, chini na pembeni na ndani ya kabati la mafaili, na harufu ya vanishi ikawa nzito mpaka Fundi akaziba pua kwa kofia yake na machozi yakamtoka, na nje kwenye foleni watoto wote, wale waliokuwa wamelala na wale waliokuwa wananyonya, wakaanza kulia kwa pamoja kama walioamriwa, na mama zao wakatazamana, na "Hodi" ya tatu ikaja, na jibu likatoka, hukukaribishwa, rudi ulikotoka. Watoto wakanyamaza.

Kisha mstari mmoja ukajitokeza chini ya mingine.

"Imefika, mke wangu. Nimlete mtoto gani tena? Huyu mmoja ananitosha."

Mkono wa Mama Meseji ulisimama juu ya kipanya. Neno kwa neno, mzaha wa miaka minne. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua.

"Futa," alisema Fundi nyuma yake. "Dada, futa."

"Ni yeye."

"Si yeye. Umeambiwa si yeye."

"Najua," alisema, na sauti ikamkatika katikati. Akabofya. Mfumo ukamwuliza kama ana hakika anataka kuifuta namba hii. Akabofya tena.

Feni ikaanza kuzunguka. Harufu ikaisha kama iliyofagiliwa. Na Mama Meseji akainamisha paji la uso kwenye meza ya chuma akalia, kilio cha msiba chenye jina la marehemu ndani yake, kilio ambacho watu walikingoja miezi miwili, mpaka matroni akaja mbio na wauguzi wakajaa mlangoni. Kiliuma vibaya sana. Kiliuma kila mahali kwa mara moja, na kila mahali palikuwa pake tena.

Alasiri ile alimfuata Chiriku shuleni na walirudi wameshikana mikono. Ilikuwa kama ameazimwa macho mapya. Aliona sare ya mtoto ina vifungo vilivyokosewa, akaona alikuwa akijifunga mwenyewe. Aliona kigoda kimesogezwa chini ya kitasa cha mlango wa mbele, akajiuliza cha nini, akafikiri atauliza baadaye. Alimsuka nywele. Alimwomba msamaha, na Chiriku akamwuliza wa nini, akaendelea na habari za mwalimu aliyekalia chaki.

Saa kumi na moja, jua lingali kali, alitoka uani kuanika nguo. Alikuwa na kibanio mdomoni na gauni la mtoto mkononi aliposikia mlango wa mbele ukigongwa. Ko ko ko.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamume.

"Karibu!" aliitikia Chiriku kutoka sebuleni, kwa adabu zote.

Mama Meseji alitabasamu na kibanio mdomoni. Ni jirani huyo. Kigoda kilisikika kikiburutwa.

"Mama!" aliita mtoto kwa furaha. "Ni yule wa Alhamisi na Ijumaa! Leo ameingia!"

Kibanio kilianguka. Alikimbia, na kutoka uani mpaka sebuleni ni hatua kumi na mbili, lakini siku ile zilikuwa nyingi kuliko maisha yake yote, kwa sababu katika kila hatua alimsikia mtoto wake akimwambia tena yale aliyomwambia kitandani na mezani, alibisha hodi mama, nikamwambia karibu mama, ana aibu sana mama, na akajisikia mwenyewe akijibu mm, na akamsikia Bibi Pamba akiuliza hodi huitikiwa na nani, na akajisikia akisema mimi tu, mimi tu, mpaka akafika mlangoni mwa sebule akiliita jina la mtoto, jina lake halisi, lile la cheti.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kigoda kilikuwa pembeni yake. Droo ya kabati ilikuwa imevutwa mpaka mwisho na mfuko wa plastiki haukuwamo. Ndala za Chiriku zilikuwa kizingitini, zimewekwa sambamba, visigino vikielekea ndani kama za mtu anayetoka. Barabara ilikuwa na jua na hapakuwa na mtu. Sebule nzima ilinuka vanishi.

Simu yake ilitetemeka mfukoni.

"Ndugu mzazi, tunashukuru kwa kumleta mtoto."

Alipiga magoti hapohapo, akaandika neno moja, "Mrudishe," akalituma.

Jibu lilikuja mara moja, maneno yake mwenyewe, yale aliyoyafuta asubuhi.

"Ujumbe wako umefika. Karibu sana."